Nani Analipia Chati Yako?

Hotuba kwa waandika programu na wachambuzi wa data, Kijitonyama, Dar es Salaam

Wakubwa mliomo ukumbini, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za Jumamosi. Asanteni kwa kuja na jua hili.

Walionialika wameniomba nijibu swali moja tu: tutumie maktaba ipi, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ambao unauingiza kwenye kazi yako? Ukitaka kutengeneza dashibodi, chati ya kubofya, ramani ya kusogeza kwa kidole, pamoja na vitufe na fomu zinazoizunguka, uchukue D3 au Chart.js, ECharts au Plotly, React, Vue au Svelte? Majina nitayataja, wala sitazungukazunguka. Ila nina swali langu la kutangulia: nani analipia? Kila maktaba ina bei, hata ile unayopakua bure, na mara nyingi anayelipa hakuwepo siku unaichagua.

Tuanze na mwenye simu. Humu ndani wengi tunaandika msimbo kwenye kompyuta zenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, tukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Anayefungua kazi yetu yuko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, ana Tecno au itel ya bei ya chini, na bando la siku analolipigia hesabu. Chukueni Plotly. Ni maktaba nzuri, iliwekwa wazi kwa leseni huria mwaka 2015, na mchambuzi aliyezoea lugha za Python au R anaipenda kwa sababu mistari miwili mitatu ya msimbo inampa chati inayokuzwa, inayochujwa na inayopakuliwa kama picha. Lakini faili lake kamili lina zaidi ya megabaiti 3 kabla ya kubanwa, maana ndani mna chati za pande tatu, ramani na michoro ya kisayansi ambayo chati yako ya pau tano haina kazi nayo. Kulipakia lote ili uoneshe mauzo ya mwezi ni kukodi Fuso kubebea ndoo moja ya maji. Wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wanatoa pia mafungu madogo, mojawapo likiwa la msingi lenye pau, mistari na duara. Wangapi humu mmeshalitumia? Naona mikono miwili. Sawa.

Linganisha na Leaflet, maktaba ya ramani aliyoitoa Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011: ina kilobaiti 42 hivi baada ya kubanwa, na ramani inakuzwa kwa vidole viwili bila shida yoyote. Au Preact, inayofanya sehemu kubwa ya kazi za React kwa kilobaiti zisizozidi vidole vya mkono mmoja.

Na uzito wa JavaScript, lugha ambayo maktaba hizi zimeandikwa, hauishii kwenye kupakua. Picha ya kilobaiti 300 ikifika, simu inaifungua na kuichora, basi. JavaScript ya kilobaiti 300 ikifika, prosesa inapaswa kuisoma, kuifasiri, kisha kuitekeleza, na kwenye simu ya bei ya chini kioo huganda muda wote huo. Mtu anabonyeza, hakijibu, anabonyeza tena, anaondoka. Halafu wewe unaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko wa data.

Hapohapo niliseme hili la CDN, yaani seva za nje zinazogawa mafaili. Mafunzo mengi yanakuelekeza uweke mstari mmoja unaovuta maktaba kutoka seva za nje, na sababu iliyozoeleka ni kwamba huenda mtumiaji analo tayari faili hilo kwenye akiba ya brauza, alilipata kwenye tovuti nyingine. Sababu hiyo imeshakufa. Safari ilitangulia, na Chrome ikafuata mwaka 2020, kutenganisha akiba ya kila tovuti. Faili lililopakuliwa kule halitumiki tena huku. Halafu kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo. Siku kama ile, tovuti iliyohifadhiwa hapa nchini inaweza kufunguka vizuri huku nafasi za chati zikiwa nyeupe tupu, kwa sababu tu maktaba ya kuzichora iko upande wa pili wa waya. Weka faili kwenye seva yako. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa tufanye kazi moja pamoja. Umeambiwa: tuoneshee matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, mkoa kwa mkoa. Data zenyewe ni ndogo. Mikoa 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Watu 61,741,120 kwa jumla. Dar es Salaam peke yake 5,383,728. Nawajua, mikono yenu inakimbilia ramani: Tanzania iliyopakwa rangi, ukigusa mkoa kinatokea kiboksi chenye idadi. Kwenye projekta inapendeza mno na bosi anapiga makofi.

Haya, tupige hesabu. Kutoka Ziwa Tanganyika mpaka Bahari ya Hindi, ramani yetu ina upana wa kilomita kama 1,200. Simu nyingi za bei ya chini zina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya brauza. Kwa hiyo pikseli moja inabeba zaidi ya kilomita 3. Mkoa wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393. Ukiufanya mraba kamili, kila upande una kilomita 37 hivi, ambazo kwenye kioo ni pikseli 11. Mjini Magharibi kule Zanzibar, wenye kilomita za mraba kama 230, haufiki pikseli 5. WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka kitu cha kuguswa kiwe angalau pikseli 24 kwa 24, na Google kwa upande wa Android wanashauri 48. Maana yake, mkoa wenye watu wengi kuliko yote ndio kidole hakiwezi kuupata, huku Tabora, yenye eneo zaidi ya mara 50 ya Dar es Salaam, ikitamba katikati ya kioo.

Rangi nazo zina balaa lake. Gawanya watu wa Dar kwa eneo lake, unapata takriban watu 3,860 kwa kilomita moja ya mraba. Ukiweka skeli ya rangi iliyonyooka kuanzia sifuri mpaka hapo, karibu Bara nzima inabaki na rangi moja iliyopauka, na pembeni kuna nukta moja iliyoiva. Hapa ndipo maktaba inapopimwa. Je, inakupa skeli ya makundi au ya logi, au inakulazimisha kunyoosha? D3 inazo zote, scaleQuantile, scaleThreshold na scaleLog, na zimo ndani ya moduli ndogo ya d3-scale ambayo unaweza kuichukua peke yake. ECharts ina visualMap, unaigawa vipande upendavyo. Chart.js, ambayo naipenda kwa mambo mengine, haina ramani kwenye kiini chake. Itabidi uongeze programu-jalizi iliyoandikwa na mtu mwingine, na huyo mtu naye umchunguze.

Lakini kazi hii mimi nisingeanza na ramani. Ningepanga mikoa 31 kwenye orodha, wenye watu wengi juu, kila mmoja na pau yake, kwa HTML na CSS. Pau ni kiboksi tu chenye upana wa asilimia. Asiyeona anasomewa na simu yake, anayetafuta Songwe anaitafuta kwa jina, Opera Mini inaifungua, na hujaita maktaba hata moja. William Cleveland na Robert McGill walionesha tangu mwaka 1984 kwamba jicho hulinganisha nafasi kwenye mstari mmoja kwa usahihi kuliko linavyolinganisha pembe, na ukolezo wa rangi wakauweka mkiani kabisa mwa orodha yao. Ramani ina heshima yake pale ambapo swali ni la mahali. Ukitaka kueleza kwa nini maji yanajaa Jangwani wakati mtaa wa jirani umekauka, pau hazikusaidii kitu.

Na kwa kuwa nimeitaja Jangwani: mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, wakachora mitaa yetu inayofurika, mifereji na njia, wakaviweka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Kazi ile ni ya jasho. Ukiitumia, andika jina la OpenStreetMap kwenye kona ya ramani. Leseni inadai hivyo, na adabu pia. Na msivute vigae vya ramani, yaani vipande vya picha vinavyoiunda, moja kwa moja kutoka seva zao kwa tovuti yenye watu wengi. Seva zile zinaendeshwa kwa michango na sera yao inakataza matumizi mazito. Kama lazima uchore mipaka ya mikoa au kata, pitisha faili kwenye mapshaper, zana ya kurahisisha mipaka, kwanza. La megabaiti kadhaa linashuka hadi kilobaiti kadhaa na hakuna msomaji atakayegundua kwamba pwani ya Rufiji imepoteza vikona vyake.

Tofauti ya kiufundi ambayo ningetaka muondoke nayo ni hii: maktaba inachorea wapi? Kuna njia mbili za kuchora ndani ya brauza: SVG na kanvasi. Kwenye SVG kila nukta ni kitu kamili ndani ya ukurasa. Unaipaka rangi kwa CSS, unaipa tukio la kubofya, unaipa maelezo ya kusomwa. Mikoa 31, vituo 300, hakuna neno. Ukifika nukta elfu kumi simu inaanza kuhema, kwa sababu brauza inazibeba zote kama vitu vilivyo hai. Kwenye kanvasi brauza inabaki na pikseli zilizopakwa, basi, kwa hiyo nukta nyingi si tatizo. Ila ukigusa kioo, ni juu ya maktaba au ni juu yako kukokotoa umegusa nini, na programu ya kusomea wasioona inakuta kiboksi kitupu mpaka uiandikie maelezo. Chart.js inachorea kanvasi. ECharts inakuachia uchague. Leaflet huchora maumbo kwa SVG mpaka uiambie vinginevyo. D3 haichori kwa niaba yako. Inakupa hesabu na zana, unachora popote upendapo. Juu ya hapo kuna WebGL, inayochora kwa kutumia prosesa ya michoro, na maktaba ya deck.gl iliyotoka Uber mwaka 2016, kwa wenye mamilioni ya nukta. Wengi wetu hatuna mamilioni ya nukta. Tuna Excel.

Kabla hujakimbilia kanvasi, jiulize kama nukta zote hizo zinaonekana. Kipimo kinachosoma kina cha maji kila dakika kinakupa nukta 525,600 kwa mwaka. Kioo chenye pikseli 360 kinazioneshaje? Zipunguze kabla hazijachorwa. Kuna mbinu inaitwa LTTB, ya Sveinn Steinarsson wa Iceland, ya mwaka 2013, inayochagua nukta chache zinazotunza sura ya mstari, vilele na mabonde yake. Chart.js inayo ndani, ECharts inayo ndani. Unaiwasha kwa mipangilio michache. Na kama unahitaji mistari ya muda tu, iangalie uPlot, kilobaiti kama 50 na mwendo wa ajabu. Lakini bora zaidi ni kupunguza kwenye seva, bando la mtu lipumue.

Kugusa. Chati nyingi zilibuniwa na watu wenye kipanya: unapitisha mshale juu ya nukta, maelezo yanatokea. Kidole hakielei juu ya kioo. Kwa hiyo kila maktaba unayoitathmini, ifungue mifano yake kwa simu, si kwa kompyuta, na uone kama maelezo yanapatikana kwa mguso na kama kidole chenyewe hakiyafuniki. Kwenye Chart.js kuna mpangilio wa kuchukua nukta iliyo karibu zaidi, mode iwe nearest na intersect iwe false; mtu anagusa popote, chati inamtafutia jirani. Wenye D3 wanafanya hivyohivyo kwa d3-delaunay. Archie Tse, aliyekuwa akihariri michoro ya New York Times, aliwaeleza wenzake mwaka 2016 kwamba wasomaji wengi hawabofyi kabisa, na gazeti lile likapunguza vitufe. Sisi bado tunaongeza. Jambo muhimu liandikwe kwenye chati waziwazi. Lililofichwa nyuma ya mguso lichukulie kuwa wengi hawataliona.

Sasa D3 na React, maana najua humu kuna waliogombana kwa hilo. D3 ilitoka Stanford mwaka 2011, kwa mikono ya Mike Bostock, Vadim Ogievetsky na Jeffrey Heer, baada ya maktaba yao ya awali iliyoitwa Protovis. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013. Zote mbili zinataka kuwa mwenye nyumba. D3 inashika vitu vya ukurasa na kuvibadilisha moja kwa moja. React inaamini kwamba hakuna mwingine anayegusa vitu ilivyoviweka. Ukiziacha ndani ya kiboksi kimoja bila mipaka, chati inajirudia mara mbili, au inafutika ukibadilisha kichujio, na unakesha. Suluhu inayofanya kazi ni kugawana: D3 ifanye hesabu, skeli, njia za mistari, mipaka ya ramani, React ichore SVG yenyewe kutokana na hesabu hizo. Vitu viwili vitatu ambavyo D3 inavimudu kuliko yeyote, kama mihimili ya chati na kukuza kwa vidole, unaipa kiboksi chake na React inaambiwa isikiguse. Asiyetaka tabu hiyo achukue maktaba ya chati iliyotengenezwa kwa ajili ya React, kama Recharts, au visx ya Airbnb kama anataka uhuru zaidi. Kwa Svelte, hesabu za D3 zinaingia kwa urahisi zaidi.

Kuhusu fremuweki za kiolesura, yaani zile za kujengea ukurasa wenyewe na vitufe vyake, nitasema kidogo, kwani mabishano yake yameshakula muda wa taifa. React ndiyo yenye watu wengi wa kuajiri mjini hapa. Vue, aliyoianzisha Evan You mwaka 2014, naiona rahisi zaidi kwa anayetoka kwenye HTML na PHP. Svelte ya Rich Harris inabadilisha msimbo wako kuwa JavaScript ya kawaida wakati wa kujenga, kwa hiyo kurasa ndogo hubaki nyepesi, na Harris mwenyewe alikuwa mtengeneza michoro wa magazeti, kwa hiyo alijua maumivu haya. Kwa ukurasa wenye chati tatu na kichujio kimoja, mara nyingi huhitaji hata moja kati ya hizo. Nimemaliza.

Mlipaji wa pili ni mrithi. Hapa mjini dashibodi nyingi zinazaliwa na mradi wa miaka mitatu wenye mfadhili. Mshauri anakuja, anajenga kwa kilichotamba mwaka ule, anakabidhi, anaondoka. Miaka miwili baadaye kijana wa TEHAMA wa halmashauri anaambiwa mwezi mpya hauonekani kwenye chati, arekebishe. Anafungua anakuta AngularJS, ambayo Google iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2021. Au Vue 2, iliyofika mwisho tarehe 31 Desemba 2023. Anatafuta mfano wa D3 mtandaoni, anapata d3.scale.linear, ambayo haipo tangu toleo la 4 la mwaka 2016, anapata d3.event, iliyoondolewa toleo la 6 mwaka 2020. Hata akiiuliza akili mnemba, mara nyingine inampa mchanganyiko wa matoleo matatu kwenye faili moja. Huyu kijana hakualikwa kwenye kikao cha kuchagua.

Kwa hiyo mkifungua ukurasa wa maktaba kwenye GitHub, tovuti ambako msimbo huhifadhiwa, acheni kuhesabu nyota. Tazameni toleo la mwisho lilitoka lini, masuala yaliyofunguliwa yanajibiwa na watu wangapi, na je, kuna mwongozo wa kuhama kutoka toleo la zamani. Halafu tazameni maktaba hiyo nayo inategemea nini. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kifurushi chake cha mistari 11 kilichoitwa left-pad, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na miradi duniani kote ikashindwa kujengeka. Januari 2022 mwenye maktaba za colors.js na faker.js aliziharibu kwa makusudi yeye mwenyewe. Fungieni matoleo, hifadhini faili la kufuli la npm pamoja na msimbo, na mwandike ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomwambia mrithi chati inachukua data wapi na inajengwa vipi. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko maktaba yoyote niliyoitaja leo.

Leseni. Highcharts ni maktaba ya chati ya Wanorwe, imekomaa, na kwa upande wa kuwahudumia wasioona iko mbele ya nyingi. Chati mnazoziona kwenye DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo unaotumiwa na sekta yetu ya afya, zinachorwa nayo. Lakini kwa matumizi ya biashara inalipiwa. Kama mteja ana bajeti, mwambieni alipe, na iandikeni kwenye mkataba nani analipa. Kama hana, ECharts ipo: ilianzia Baidu, sasa ni mradi kamili wa Apache, taasisi ya programu huria. Msichukue Highcharts mkanyamaza, mkidhani Dar ni mbali. Na leseni hubadilika njiani. React yenyewe ilikuwa na kifungu cha hataza kilichowakera watu mpaka Apache wakaipiga marufuku kwenye miradi yao Julai 2017. Facebook ikahamia leseni huria ya MIT Septemba mwaka huohuo. Mapbox GL JS, maktaba ya ramani, ilikuwa huria, ikaacha kuwa huria Desemba 2020 ilipotoa toleo la 2, na ndipo ikazaliwa MapLibre kutokana na msimbo wa zamani. Anayetaka ramani za vekta, zinazochorwa na brauza yenyewe badala ya kuletwa kama picha, leo bila kulipa kwa dola kila watu wanapofungua, MapLibre ndiyo njia.

Jambo dogo linalowaumbua wengi: namba na tarehe. D3 ukiiambia ifupishe namba kwa alama ya s, inafuata vipimo vya kisayansi, kwa hiyo shilingi bilioni 2.5 inaandikwa 2.5G. Mhasibu gani wa Wizara atakuelewa? Tumia Intl.NumberFormat ya brauza ukiipa sw-TZ, au andika kipande chako chenye milioni, bilioni na trilioni. Tarehe nazo: JavaScript ikiona "2022-08-23" tupu inaichukulia kuwa ni saa za kimataifa, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ukienda kinyume, ukachukua usiku wa manane wa Dar ukaugeuza kwa toISOString, unapata saa 21 ya jana yake. Siku ya sensa inageuka Agosti 22. Kila kitu kinachotokea hapa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinaangukia siku isiyo yake, na jumla za siku zinapishana na za daftari bila mtu kuelewa kwa nini.

Kulikuwa na maswali, nayaweka hapa yale niliyoyajibu kwa ukamilifu.

Kaka mmoja aliuliza kuhusu Streamlit, Dash na Shiny, zana za kujenga dashibodi kwa Python au R, kwa kuwa wao ofisini wote ni watu wa Python na R. Nilimjibu kwamba kwa matumizi ya ndani ni chaguo langu la kwanza. Mchambuzi anajenga mwenyewe bila kusubiri mtu wa JavaScript. Kwa umma nisingeziweka. Zinategemea seva iliyo macho kwa kila mtu aliyefungua, na mtandao ukikatika kidogo ukurasa wa Shiny unageuka kijivu na kazi ya mtu inapotea. Kama mnataka kubaki kwenye Python na bado mchapishe ukurasa mwepesi, maktaba ya Altair inaandika maelezo ya chati kwa mtindo wa Vega-Lite ambayo brauza inayachora yenyewe bila seva yenu.

Dada aliyekaa safu ya nyuma aliuliza mtu anayeanza ajifunze kipi. SVG kwa mkono, nikamwambia. Andika pau tano ukihesabu x, y, width na height mwenyewe, kisha mstari, kisha lebo. Baada ya hapo Chart.js, uone kazi yako ikifanywa kwa mistari kumi. D3 ije ya tatu, ukianza na d3-scale na d3-shape peke yake, ukiacha uhuishaji kando. Ukianza na D3 nzima utanakili mifano usiyoielewa, na mifano mingi iliyobaki mtandaoni ni ya matoleo yaliyozeeka.

Swali la mwisho lilileta kicheko: ufanyeje bosi akishikilia kwamba anataka ramani, tena yenye mbwembwe? Nikasema mjengee haraka, siku moja inatosha, halafu usimfungulie kwenye projekta. Mpe simu ya pikseli 360 na umwombe aguse Dar es Salaam kwa kidole gumba. Akiipata mara ya kwanza, mwachie ramani yake.